Dawa Imeingia. Je, Mshipa Umezibuka?

*Mgonjwa wa shambulio la moyo akishapewa dawa ya kuyeyusha donge la damu, daktari ana takriban dakika 90 za kujua kama imefanya kazi. Damu yenyewe inaweza kumpa jibu, ila aichukue mapema na aichukue mara mbili.*

Tuseme ni saa 9 usiku katika idara ya dharura ya hospitali ya mkoa. Mzee wa miaka 58 aliletwa na wanawe saa 7, akitokwa na kijasho chembamba, mkono ameukandamiza kifuani. Alianza kubanwa tangu saa 5. Akadhani ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa ya gesi, akajilaza, ikashindikana. Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hospitalini kila mtu anakiita ECG, kilionyesha kwamba mshipa mmoja mkubwa wa moyo umeziba. Saa 7 na nusu akatundikiwa dripu ya streptokinasi.

Sasa chupa ya dawa imekwisha. Muuguzi anamwinamia.

"Mzee, kifua kinaendeleaje?"

"Afadhali kidogo, mwanangu."

Hiyo afadhali imeletwa na nini? Huenda mshipa umezibuka. Huenda pia ni mofini aliyochomwa ndiyo inayomliwaza huku msuli wa moyo ukiendelea kufa kimyakimya. Jibu lake ndilo litakaloamua kama mzee abaki kitandani hadi asubuhi, au apakiwe kwenye gari la wagonjwa usiku huohuo kuelekea kwenye maabara ya mishipa ya moyo. Kama wako Mtwara na maabara wanayoitegemea iko Dar es Salaam, barabara ni zaidi ya kilomita 500.

Msuli hausubiri

Shambulio la moyo kwa kawaida huanza pale mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa wa moyo yanapopasuka na damu kuganda juu yake. Donge likiziba njia yote, msuli unaolishwa na mshipa huo unakosa oksijeni. Mwaka 1977, Keith Reimer na Robert Jennings walionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba kifo cha msuli huanzia tabaka la ndani na kusogea nje kadiri saa zinavyokwenda. Ndiyo maana mgonjwa aliyezibuliwa mshipa baada ya saa 2 na aliyezibuliwa baada ya saa 10 wanatoka hospitalini na mioyo tofauti kabisa.

Kwa miaka mingi mabingwa walibishana kama donge ndilo linaloleta shambulio au ni matokeo yake. Mwaka 1980, Marcus DeWood na wenzake wa Spokane, Marekani, waliwapiga picha za mishipa wagonjwa waliokuwa katikati ya shambulio. Miongoni mwa waliopigwa picha ndani ya saa 4 za mwanzo, asilimia 87 walikuwa na mshipa ulioziba kabisa. Ubishi ukapoa. Kazi ikawa kuliyeyusha donge.

Dawa ilikuwepo siku nyingi. Streptokinasi hutokana na bakteria, na uwezo wake wa kuyeyusha damu iliyoganda uliripotiwa na William Tillett huko Baltimore mwaka 1933. Lakini ushahidi mkubwa ulikuja mwaka 1986, Waitaliano walipotoa matokeo ya utafiti wa GISSI wenye wagonjwa zaidi ya 11,000: vifo ndani ya siku 21 vilishuka kutoka asilimia 13 hadi 10.7. Miaka miwili baadaye utafiti wa ISIS-2, wenye wagonjwa 17,187, ukaonyesha kwamba streptokinasi ikiambatana na aspirini, kidonge cha bei ya chini kuliko karibu vyote vilivyo dukani, hupunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 42 katika wiki 5 za mwanzo.

Hadi leo streptokinasi imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mgonjwa aliye mbali na jiji, hiyo au ndugu zake wapya kama tenekteplesi ndiyo njia pekee ya kuzibuliwa mshipa kwa wakati.

Chupa imekwisha, mshipa umegoma

Tatizo ni kwamba dawa hizi hushindwa, na hushindwa mara nyingi kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mwaka 1993 watafiti wa GUSTO, utafiti wa kimataifa uliokuwa na wagonjwa zaidi ya 41,000, waliwapiga baadhi yao picha ya mishipa dakika 90 baada ya dawa. Kwa waliopewa dawa iliyokuwa bora kuliko zote wakati ule, asilimia 54 tu ndio walikuwa na damu inayopita kama kawaida. Kwa waliopewa streptokinasi hawakufika hata theluthi. Waliobaki, wengine damu ilipenya kwa kusuasua na wengine haikupita kabisa.

Tofauti hiyo inahesabika kwa makaburi. Katika utafiti huohuo, waliokuwa na mtiririko kamili walifariki kwa asilimia 4.4 ndani ya siku 30. Ambao mshipa wao haukuzibuka walifariki kwa asilimia 8.9, yaani mara mbili.

> Ambao mshipa haukuzibuka ndani ya dakika 90 walifariki mara mbili zaidi ya waliozibuka vizuri.

Hata kwa dawa mpya hali haijabadilika sana. Utafiti wa STREAM wa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 1,892, nusu yao wakipewa tenekteplesi mapema, wengi wakiwa bado kwenye gari la wagonjwa. Asilimia 36 ya waliopewa dawa hiyo walilazimika kukimbizwa kupigwa picha ya mishipa kwa dharura kwa sababu dawa haikutosha. Zaidi ya mmoja kati ya watatu.

Kwa hiyo kumtundikia mgonjwa dripu ni nusu ya tiba. Nusu ya pili ni kujua kilichotokea baada ya hapo, na hii ndiyo inayosahaulika.

Damu inavyotoa habari

Seli ya msuli wa moyo ikifa, ngozi yake hupasuka na vilivyomo ndani huvuja. Vipo vitatu ambavyo maabara imevizoea. Mayoglobini ni protini ndogo ya kuhifadhi oksijeni, nyepesi mno, hivyo hutoka ya kwanza. CK-MB ni kimeng'enya kikubwa zaidi, hutoka kwa mwendo wa wastani. Troponini ni sehemu ya mitambo inayoufanya msuli ujikunje. Sehemu kubwa yake imefungwa kwenye nyuzi za msuli na hutoka polepole kwa siku kadhaa, ila kuna kiasi kidogo kinachoelea ndani ya seli na hicho huwahi kutoka.

Sasa fikiria mshipa ambao bado umeziba. Protini zimevuja kutoka kwenye seli, lakini hakuna damu ya kuzibeba. Zinajipenyeza taratibu kupitia vijia vya pembeni. Mshipa ukizibuka, mambo hubadilika ghafla, kama mtaro wa mtaani uliokuwa umejaa taka: ukizibuliwa tu, kila kilicholundikana hutoka kwa mkupuo. Protini hufurika kwenye damu ndani ya dakika chache.

Kwa kawaida CK-MB hufikia kilele kama saa 24 baada ya shambulio. Mshipa ukizibuka mapema, kilele huja karibu saa 12. Lakini hakuna daktari anayeweza kusubiri saa 12 ili aambiwe kwamba alipaswa kumsafirisha mgonjwa jana. Hapo ndipo mayoglobini ilipopata umaarufu katika miaka ya 1990. Kwa wepesi wake, hutoa habari ndani ya saa moja.

Katika utafiti wa TIMI 10B, ambao matokeo yake ya vipimo vya damu yalichapishwa mwaka 1999, wagonjwa walichukuliwa damu kabla ya dawa na tena dakika 60 baadaye. Mayoglobini ilipopanda mara 4 au zaidi, uwezekano wa mshipa kuwa wazi ulikuwa karibu 9 kati ya 10. Troponini na CK-MB nazo zilitoa habari ya kufanana, zikiwa na viwango vyake.

Kuna jambo hapa linalowachanganya hata wauguzi wazoefu. Siku zote tunafundishwa kwamba troponini ikipanda sana, moyo umeumia sana, na ni kweli. Ila katika saa ya kwanza baada ya dawa, kupanda kwa kasi ni habari njema. Ndugu wa mgonjwa akionyeshwa karatasi ya majibu yenye namba iliyoruka ghafla atashtuka, na kama hakuna wa kumweleza, atatoka hapo akiamini mzee wake anakwisha.

Sampuli moja haitoshi

Kinachosomwa ni mwendo. Namba ya dakika ya 60 ikisimama peke yake haina maana, kwa sababu hatujui ilianzia wapi. Mgonjwa aliyechelewa kufika huwa tayari ana protini nyingi kwenye damu, na aliyewahi huwa nazo kidogo. Lazima damu ya kwanza ichukuliwe kabla dawa haijaanza kuingia, saa iandikwe kwenye chupa, na ya pili ichukuliwe dakika 60 au 90 baadaye, ipimwe kwa mashine ileile.

Hapa ndipo hospitali nyingi ndogo zinapokwama, na ningependa wanaonunua vifaa walisikie hili. Kipimo cha troponini kinachopatikana kirahisi ni kile cha kikaseti: unadondosha damu, unasubiri mstari. Mstari ukitokea, troponini ipo, usipotokea, haipo. Kwa kugundua shambulio kinasaidia. Kwa kujua kama mshipa umezibuka hakisaidii hata kidogo, maana hakitoi kiasi. Mistari miwili ya saa tofauti haiwezi kugawanywa ili upate mara ngapi imepanda.

> Kikaseti kinasema ipo au haipo. Swali la usiku huo ni imepanda mara ngapi.

Mayoglobini nayo ina udhaifu ambao mazingira yetu yanauzidisha. Haitoki kwenye moyo pekee. Imo kwenye misuli yote ya mwili. Aliyeanguka akajigonga, aliyekandamizwa kifua ili kuurudisha moyo, mwenye figo zilizochoka, wote wataonyesha mayoglobini ya juu. Vilevile yule aliyepitia zahanati kwanza akachomwa sindano ya diklofenaki kwenye tako kwa sababu alisema anaumwa kifua. Sindano ya msuli huvuruga kipimo, na mbaya zaidi, dawa ya kuyeyusha damu ikija baadaye mahali palipochomwa huweza kuvilia damu nyingi. Mwenye dalili za moyo asichomwe sindano ya msuli. Wahudumu wa zahanati wanalijua, ila foleni ikiwa ndefu mkono hukimbilia kilichozoeleka.

Wanaoitetea ECG

Madaktari wengi wa moyo watakuambia kwamba habari yote hii ya damu ni mzunguko usio wa lazima. Wana hoja nzito.

ECG ya pili, inayopigwa dakika 60 hadi 90 baada ya dawa, haihitaji maabara. Ule mstari uliopanda juu wakati wa shambulio ukishuka kwa nusu au zaidi, kuna matumaini makubwa kwamba damu inapita. Usiposhuka kwa nusu, mwongozo wa Ulaya unasema mgonjwa apelekwe mara moja kuzibuliwa kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa. Karatasi hupigwa picha, ikatumwa kwa WhatsApp kwa bingwa, na jibu likaja kabla maabara haijawasha mashine.

Kuna hoja ya ndani zaidi. Damu inaweza kupita kwenye mshipa mkubwa lakini vijishipa vidogo ndani ya msuli vikawa vimeharibika, msuli usinywe chochote. Protini zitasombwa na damu na kuonekana kwenye kipimo, daktari atafurahi, kumbe msuli bado una njaa. ECG inasoma umeme wa msuli wenyewe, hivyo huugundua udanganyifu huo vizuri zaidi. Pia vipimo vya damu hutenganisha mshipa uliofungwa na uliofunguka, ila hushindwa kutenganisha unaopitisha kwa kusuasua na unaopitisha sawasawa. Katika GUSTO waliokuwa na mtiririko wa kusuasua hawakunufaika kama wale wa mtiririko kamili.

Na mayoglobini isipopanda mara 4? Hapo jibu ni hafifu. Wagonjwa wengi wa namna hiyo walipopigwa picha walikutwa mshipa uko wazi. Kwa hiyo kipimo kikisema umefunguka kinaaminika kuliko kikisema umefungwa.

Wanaoitetea damu nao hawakosi la kusema. Kuna wagonjwa ambao ECG yao haisomeki kwa kazi hii: wenye hitilafu ya zamani kwenye nyaya za umeme wa moyo, wenye kifaa cha kuuendesha moyo, wale ambao mstari wao haukupanda sana tangu mwanzo. Vibandiko vya ECG vikibandikwa sentimita chache kando ya pale pa kwanza, karatasi mbili hazilinganishiki tena. Maumivu nayo hayategemeki, hasa kwa mgonjwa wa kisukari, ambaye mishipa yake ya fahamu huweza kuficha uchungu.

Kwa nini Ulaya waliliacha swali

Utafiti wa vipimo hivi ulishika kasi katika miaka ya 1990, kisha ukafifia. Sababu kubwa haikuwa kushindwa kwa damu. Nchi tajiri zilijenga maabara za mishipa ya moyo kila kona, na mwaka 2003 uchambuzi wa tafiti 23 ulionyesha kwamba kuzibua kwa waya moja kwa moja kunaokoa watu wengi kuliko dawa. Anayezibuliwa kwa waya haulizwi kama mshipa umefunguka. Daktari anauona kwenye skrini.

Kwetu swali halijaondoka. Tanzania ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Nairobi ina hospitali kadhaa zinazozibua mishipa, lakini wananchi wengi wa Afrika Mashariki wanaishi mbali na hospitali hizo kwa saa nyingi. Kwao dawa ndiyo mwanzo, na swali la dakika 90 liko palepale lilipokuwa Ulaya miaka 30 iliyopita.

Tena sisi tunaanzia nyuma zaidi. Utafiti uliofanyika katika hospitali moja kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2020 uliwapima watu waliofika dharura wakilalamika kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na shambulio la moyo. Karibu hakuna aliyepimwa troponini na hospitali katika huduma ya kawaida. Zaidi ya wanne kati ya kumi wa wenye shambulio walifariki ndani ya siku 30. Mtu ambaye shambulio lake halikugunduliwa hafiki kwenye dripu, seuze kwenye swali la kuzibuka.

Mgonjwa wa saa 9 usiku afanyiwe nini

Nimezipima pande zote mbili na msimamo wangu ni huu: ECG ya pili iwe ya lazima, iandikwe kwenye fomu ya dawa kama sehemu ya dozi, yenye nafasi ya saa na saini. Isiachwe kwa hiari ya aliye zamu. Hospitali ambayo haina karatasi za mashine ya ECG isijihesabu kwamba ina tiba ya shambulio la moyo, hata kama stoo imejaa streptokinasi.

Damu ije pembeni yake pale ambapo mashine inatoa namba na jibu linarudi ndani ya nusu saa. Vipimo vipya vya troponini vyenye uwezo wa kuona kiasi kidogo sana vinaweza kutumika kusoma mwendo huo, na mashine ndogo za kando ya kitanda hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. ECG ikiwa na utata, hapo ndipo damu inapolipa gharama yake. Kumzuia mgonjwa ambaye mstari wake haujashuka eti tunasubiri maabara ni kumwibia msuli.

Kuna kishawishi kimoja cha kukataliwa, nacho ni kumrudia mgonjwa dawa ileile pale ya kwanza inaposhindwa. Utafiti wa REACT wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2005, uliwagawa wagonjwa 427 ambao dawa iliwashindwa kwa kigezo cha ECG ya dakika 90. Waliopelekwa kuzibuliwa kwa waya, asilimia 84.6 walimaliza miezi 6 bila kifo, shambulio jipya, kiharusi wala moyo kushindwa vibaya. Waliorudiwa dawa walikuwa asilimia 68.7, na walioachwa na matibabu ya kawaida 70.1. Kurudia dawa hakukuongeza kitu. Na streptokinasi, kwa vile mwili huitengenezea kinga, hairudiwi kwa mtu aliyewahi kuipata. Inafaa iandikwe kwenye kadi yake kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Hata mgonjwa ambaye mshipa wake umezibuka hajamaliza. Mwongozo wa Ulaya unataka apigwe picha ya mishipa kati ya saa 2 na saa 24 baada ya dawa, kwa sababu donge lililoyeyuka huacha nyuma yake ukuta uliochanika unaoweza kuziba tena. Maana yake ni kwamba safari ipo kwa kila mtu. Kinachobadilika ni kama gari liondoke sasa hivi usiku, likiwa na muuguzi na mashine ya kushtua moyo, au liondoke asubuhi kwa utulivu. Simu kwenda hospitali ya rufaa ipigwe dripu inapotundikwa, kabla ya jibu lolote, ili saa 9 ikifika kitanda kiwe kimeshaandaliwa upande wa pili.